Kaka ameuza eka ya urithi, sasa anaomba "yaishe": tunawapatanishaje?

Mzee wa Mtaa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Tuna shauri mtaani kwetu (mtaa wa usharika, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT) na nimepangiwa kuliongoza pamoja na mzee mwenzangu. Marehemu aliacha shamba la eka nne na watoto watatu: kaka mkubwa, dada, na mdogo wao wa kiume. Msimamizi wa mirathi hajateuliwa mpaka leo. Kaka mkubwa aliuza eka moja kwa shilingi 6,000,000 kimyakimya. Hela kanunulia pikipiki ya bodaboda, nyingine kaezekea nyumba. Dada alipokuja kugundua, wakagombana, na tangu hapo hawasalimiani.

Juzi kwenye maombi kaka alisimama mbele akasema, "Kama kuna mtu nilimkwaza anisamehe, tuyaache yaishe." Watu wakapiga makofi. Dada akainuka akatoka. Sasa wapo wazee wanaosema mwenye shida ni dada, moyo wake mgumu, na asishiriki Meza ya Bwana mpaka amsamehe kaka yake. Yule mdogo anasema yeye liwalo na liwe.

Naomba msaada kwa wenye uzoefu. Nani anatakiwa aanze? Tukisema "msamaha", lile deni linafutika au hela inarudi? Na kikao chenyewe kinaendeshwaje, maana cha kwanza kilivunjika kabla hata hatujafika kwenye hoja.

---

Mwinjilisti K.

Mzee, amani iwe kwako. Hapo kwenye Meza ya Bwana wazee wako wameshika andiko kinyume. Soma tena Mathayo 5:23-24: anayeambiwa aache sadaka yake mbele ya madhabahu akapatane kwanza ni yule ambaye *ndugu yake ana neno juu yake*. Yaani mkosaji. Kwa shauri hili ni kaka, na ndiye aliyesimama mbele akapigiwa makofi. Dada naye ana andiko lake, Marko 11:25, la mtu anayesali huku ana neno juu ya mwenzake. Anaambiwa asamehe. Ila hilo analimaliza na Mungu wake, wala hapewi adhabu mbele ya watu kwa sababu machozi hayajakauka.

Tenganisheni mambo mawili ambayo makanisani tunayachanganya kila siku. Kusamehe ni kuachilia kisasi na kumwachia Mungu hukumu. Hilo dada anaweza kulifanya peke yake, hata kaka asipotubu kamwe. Kupatana kunahitaji wawili, na kuna masharti. Luka 17:3 inasema, "kama ndugu yako akikosa, mwonye, akitubu msamehe." Kuonya kumo, kutubu kumo. Warumi 12:18 nayo ina mipaka yake: "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Paulo alijua kuna siku upande wa pili hautaki.

Kuhusu hela: hela inarudi. Walawi 6:1-5 na Hesabu 5:5-7 zinataka aliyedhulumu arudishe mali yenyewe na kuongeza sehemu ya tano, ampe yule aliyemdhulumu. Na angalia mpangilio wa Walawi: anamlipa mwenzake kwanza, *halafu* ndipo anapeleka sadaka ya hatia kwa kuhani. Zakayo alijitwisha zaidi, mara nne (Luka 19:8), na hakuna aliyemlazimisha.

Hesabu ya shauri lenu, kama watoto wanagawana sawa: katika ile milioni 6, fungu la kila mmoja ni milioni 2. Kaka ana fungu lake humo, kwa hiyo anadaiwa milioni 4 za wenzake wawili. Ukiongeza sehemu ya tano ni 4,800,000, kila mmoja 2,400,000. Mtu wa bodaboda hawezi kuitoa kwa mkupuo, lakini 100,000 kwa kila mmoja kwa mwezi inaisha ndani ya miezi 24. Sisemi ile sehemu ya tano iwe sheria ya kanisa. Wawekeeni mezani kama andiko linavyosema, waliokosewa wana uhuru wa kuiacha. Anayefuta deni ni mdai, wala si mzee wa kanisa.

---

Mwana wa Mfalme

Watumishi mnatuchanganya. Mungu mwenyewe anasema dhambi zao hatazikumbuka tena (Yeremia 31:34). Na Bwana amesema tusamehe saba mara sabini (Mathayo 18:22). Sasa ninyi mnapiga mahesabu ya sehemu ya tano kama watu wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Ukisamehe umesamehe, basi. Kusamehe ni kusahau.

---

Mwinjilisti K.

Mpendwa, tuendelee na hiyo hiyo Mathayo 18 uliyoitaja. Mfano unaofuata pale umejaa hesabu. Mtumwa wa kwanza alidaiwa talanta elfu kumi, mwenzake dinari mia. Dinari moja ni kibarua cha siku (Mathayo 20:2) na talanta ilikuwa kama dinari 6,000, hivyo deni la kwanza ni mishahara ya siku milioni 60, la pili ni la siku mia. Bwana hakusema dinari mia si kitu. Ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho. Alichokataa ni mtu aliyefutiwa deni lisilolipika kumkaba koo mwenzake.

Na Yusufu, aliyeuzwa na ndugu zake, hakusahau. Aliwatambua ndugu zake siku ya kwanza (Mwanzo 42) na hakujitambulisha. Aliwatazama kwanza: Je, Benyamini naye watamuuza? Alisubiri mpaka Yuda, yule yule aliyetoa shauri la kumuuza, akasema achukuliwe yeye awe mtumwa badala ya mdogo wake (44:33). Sura ya 45 ndipo akalia. Miaka baadaye, baba alipokufa, wenzake wakaingiwa hofu tena, na jibu lake la 50:20 linaanza kwa kuwatajia walichokusudia, kwamba kilikuwa kibaya. Jina la kosa alilikumbuka, ila alilitumia kuwatuliza.

---

Mama Mshauri (ushauri wa ndoa na familia)

Mzee shikamoo. Mimi nijibu la kikao, maana teolojia imeshashikwa na wenye nayo.

Cha kwanza kilivunjika kwa sababu mliwaweka pamoja mapema mno. Kabla ya kukaa wote, kila mmoja aonwe peke yake, walau mara mbili. Mara ya kwanza mnasikiliza tu. Mara ya pili mnamrudishia mliyoyasikia kwa maneno yake, mpaka aseme "ndiyo, hapo mmenielewa." Dada msimwombe asamehe katika ziara hizi. Mwulizeni maswali matatu: Kilichokuumiza hasa ni nini? Ungetaka kitengenezwe nini? Kuna kitu gani ukikisikia kwenye kikao utainuka uondoke? Mtashangaa. Mara nyingi hela inakuja ya pili au ya tatu, juu kabisa kuna "aliniona mimi mwanamke sina changu kwa baba".

Kwa kaka kazi yenu ni toba yake iwe na sura. Ile aliyoitoa kanisani haikuwa na kosa, haikuwa na mtu, haikuwa na malipo. "Kama nilimkwaza mtu" inamwachia dada kazi ya kuthibitisha kwamba alikwazika. Aandike kwenye karatasi, mzee mmoja akae naye. Iwe na haya: alifanya nini kwa jina lake, alijua nini wakati anafanya, kiliwagharimu wenzake nini, atarudisha nini na lini, kisha aombe, na akubali kwamba anaweza kuambiwa "bado". Kwa mfano:

"Dada, niliuza eka moja ya shamba la baba kwa milioni sita. Nilijua si yangu peke yangu. Sikukwambia kwa sababu nilijua utakataa. Fungu lako na la mdogo wetu nililila. Uliponiuliza nikakutukana mbele ya watoto wako. Nimekosa. Nataka kurudisha, na namna ya kurudisha nimeiandika hapa. Naomba unisamehe, hata kama si leo."

Likitokea neno "lakini" mahali popote, mrudisheni akaandike upya. "Lakini na wewe ulinitukana" ni shauri lingine, na lina siku yake.

Kikao chenyewe kisifanyikie kwa kaka wala kwa dada, wala kanisani baada ya ibada, ambapo watu wanachungulia dirishani. Tafuteni ofisi ya usharika siku ya kazi, saa nane mchana. Jioni watu wamechoka na giza linawapa sababu ya kukimbia. Wasuluhishi wasizidi watatu na mmoja awe mama. Wake na waume zao wabaki nyumbani kwa kikao hiki. Simu zizimwe ziwekwe mezani, maana mtu akirekodi sauti ikaingia kwenye grupu la ukoo, kazi yenu imekwisha.

Fungueni kwa sala fupi. Msianze na pambio na mahubiri ya nusu saa juu ya msamaha, dada ataona amekuja kuzidiwa nguvu. Aanze dada, dakika kumi, hakatizwi. Kaka arudie alichosikia, bila kujitetea. Mdogo naye apewe dakika zake, hiyo "liwalo na liwe" ni mtu aliyekata tamaa. Halafu ndipo kaka asome karatasi yake. Mkifika hapo nyamazeni. Wasuluhishi wengi wanaharibu dakika hiyo kwa kusema "haya, mpeane mikono!" Msimlazimishe mtu kumkumbatia mwenzake, wala msipige picha. Dada akisema "nimesikia, nipeni wiki mbili," hicho ni kikao kilichofanikiwa.

Saa moja na nusu inatosha. Ikipita hapo ahirisheni, hata kama mnaona mnakaribia.

---

Mwanasheria Mlei

Niongeze upande ambao wazee wa kanisa husahau. Makubaliano ya msamaha hayahamishi ardhi.

Mtu asiye msimamizi wa mirathi hana mamlaka ya kuuza mali ya marehemu, hata kama ni mtoto wa kwanza na hata kama kaishi pale miaka yote. Kwa hiyo kuna mtu wa nne kwenye shauri lenu ambaye hamjamtaja: mnunuzi. Katoa milioni 6 kwa mtu ambaye hakuwa na haki ya kuuza. Mkipatana ninyi watatu mkamwacha nje, baada ya miaka mitano mmoja wa wajukuu atakwenda kumtoa kwenye eka yake na ugomvi utarudi ukiwa na panga.

Njia iliyonyooka: ukoo ukae, uandike muhtasari wa kumpendekeza msimamizi (kwa hali hii ningependekeza asiwe kaka), mpeleke na cheti cha kifo mahakamani. Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mirathi inayofuata mila au ya Kiislamu, na familia nyingi za Kikristo zilizoishi kimila hufungulia huko. Kama marehemu hakuishi kimila, shauri linaanzia mahakama ya juu yake. Msimamizi akishateuliwa anakusanya mali, analipa madeni, anagawa, na anarudisha hesabu mahakamani.

Hapo kuna suluhu rahisi kuliko miezi 24 ya malipo. Eka nne kwa watu watatu ni eka moja na theluthi kila mmoja. Kaka ameshachukua eka nzima kwa kuiuza. Wenzake wakikubali mauzo yasimame, ile eka ihesabiwe kwenye fungu lake, naye abaki anadai theluthi ya eka tu. Dada na mdogo wanachukua eka moja na theluthi kila mmoja kutoka zile tatu zilizobaki. Mnunuzi anabaki salama kwa kuwa msimamizi atathibitisha mauzo. Kaka halipi hata shilingi, na hajamdhulumu mtu. Angalieni tu eka iliyouzwa isiwe ile ya barabarani au yenye maji, maana hapo eka si sawa na eka. Tathmini kwanza.

Mtu akileta hoja kwamba kwa mila binti hapati sawa na wa kiume, msiibishie kwenye kikao cha upatanisho. Hao watatu wenyewe wakikubaliana kugawana sawa, hakuna anayewazuia.

Na Baraza la Kata, kwa marekebisho ya sheria ya 2021, kazi yake ni kusuluhisha, haliamui tena. Msipoteze muda kule mkitarajia hukumu, tena hili ni la mirathi.

---

Katekista wa Parokia

Tumsifu Yesu Kristo. Kwetu Wakatoliki jambo hili lipo kwenye Sakramenti ya Upatanisho yenyewe: majuto, maungamo, malipizi. Katekisimu namba 1459 inaeleza kwamba ondoleo huiondoa dhambi, lakini haliponyi madhara yote ambayo dhambi imeleta. Aliyeiba arudishe, aliyechafua jina la mtu alisafishe. Akiniambia mtu "nimeshaungama kwa Padre", namjibu vema, sasa nenda kwa mwenye shamba.

Tahadhari moja: aliyoyasema kwenye maungamo yana muhuri. Padre hawezi kuyatoa kama ushahidi kwenye kikao, msimwite kwa ajili hiyo. Toba ya mbele ya dada aitoe kaka mwenyewe, kwa kinywa chake.

---

Ndugu wa Kigali

Mama Mshauri amenena vema kuhusu toba yenye sura. Huku Rwanda sheria za gacaca, mahakama za jamii zilizosikiliza mashauri ya mauaji ya kimbari ya 1994, ziliiweka wazi kabisa. Kabla toba haijapokelewa, mtu alitakiwa aeleze alifanya nini, wapi, lini, aliwatendea nani, nani walikuwa naye, na kuomba radhi hadharani. Familia nyingi kitu cha kwanza zilichotaka kujua ni miili iko wapi ili wazike. Wenye makosa ya mali tu waliruhusiwa kuelewana na waliowakosea juu ya kulipa, na wakielewana shauri lilikwisha. Gacaca ilifungwa 2012 na ina kasoro zake, hasa kwa waliotubu nusu ili wapunguziwe kifungo. Lakini hilo la kwamba toba isiyo na maelezo haipokelewi, kanisa lingeweza kulichukua.

Ndugu wa uamsho wa Kikristo ulioanzia Gahini, huku huku Rwanda, miaka ya 1930 walikuwa na desturi ya kutembea nuruni, 1 Yohana 1:7: mtu anataja dhambi yake kwa jina na kwenda kurudisha alichoiba. Palipoharibika ni pale watu walipoanza kutubu hadharani mambo ambayo yalimhusu mtu mmoja tu, wakamwaibisha mara ya pili aliyekosewa. Kosa la siri litubiwe kwa aliyekosewa. La hadharani, kama yale matusi, lisahihishwe mbele ya wale wale waliosikia.

---

Mama Mshauri

Ndugu wa Kigali umenikumbusha jambo zito, na nasema kwa wote watakaosoma huko mbele, siyo kwa shauri hili. Utaratibu wa "nenda peke yako kwanza" wa Mathayo 18:15 usitumike kwa mwanamke anayepigwa wala mtoto aliyeguswa vibaya. Msimkalishe meza moja na aliyemtendea. Mtoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa azifikishe serikali za mitaa; namba 116 ya simu kwa mtoto ipo, Dawati la Jinsia polisi lipo. Mke anayepigwa anaweza kusamehe akiwa anaishi kwa dada yake. Kumrudisha nyumbani eti kwa kuwa mume amelia kanisani ni kumpeleka kwenye kipigo kingine. Mwenye kujuta kweli hatakimbia masharti: kutibiwa ulevi kama upo, kutokaa karibu naye mpaka aruhusiwe, muda mrefu wa kutazamwa.

---

Mzee wa Mtaa

Mbarikiwe sana. Suala la mnunuzi hatukuliwaza kabisa, na hiyo ya kukatwa kwenye fungu naona kaka ataipokea kuliko kulipa. Nimewaambia wenzangu dada asizuiwe Meza, wamekubali kwa shingo upande. Bado mawili. Kaka akikubali leo, kesho akapiga chenga, tunafanyaje? Na huyu aliyeongea mbele ya kanisa, turudi tena mbele ya kanisa au?

---

Mwinjilisti K.

La kwanza: andikeni. Ukurasa mmoja, nakala tatu, sahihi za wote na za wasuluhishi wawili. Mwandike kilichotendeka, kilichokubaliwa, tarehe, na nani atafuatilia. Mkichagua malipo, yapitie kwenye simu ili ubaki ujumbe, yasipite mkononi mwa mzee yeyote. Mkapige hodi kwa kila mmoja baada ya wiki mbili, kisha mwezi, kisha miezi mitatu. Mwezi mmoja ukiruka, mpigieni ndani ya wiki. Ikiruka miwili, kikao kirudi, safari hii na mchungaji, ndiyo hatua ya pili na ya tatu ya Mathayo 18:16-17. Mkiamua njia ya ardhi, kipimo cha uaminifu wake ni kama atasaini muhtasari wa ukoo wa kumteua msimamizi bila kuzungushazungusha.

La pili: kwa kuwa aliomba "msamaha" mbele ya kanisa na dada akaonekana mbaya mbele ya kanisa hilo hilo, jina la dada lisafishwe pale pale. Sentensi mbili zinatosha, azitoe kaka: kwamba kosa lilikuwa lake, na kwamba dada alikuwa na haki ya kutoka siku ile. Mumwulize dada kwanza kama anataka lisemwe. Halafu kanisa nalo lisimwonee kaka milele. 2 Wakorintho 2:6-8, aliyekwisha kuadhibiwa vya kutosha afarijiwe, asije akamezwa na huzuni. Mpeni nafasi ya kuimba kwaya kama zamani. Uweka hazina wa vikundi subirini.

---

Mwanasheria Mlei

Ile karatasi ya toba ya kaka ibaki kwa mchungaji, msiiambatanishe kwenye faili la mirathi. Kinachokwenda mahakamani ni muhtasari wa ukoo na mgawanyo waliokubaliana. Na mumwone mnunuzi kabla ya kikao, asisikie habari hizi sokoni.